Mume Wangu Nyuma ya Pazia

Jumamosi, 11 Aprili 1953

Nimefungua daftari hili leo. Kanipa Mwalimu Lameki. Kurasa tano za mbele zina hesabu za watoto, zilizobaki zangu. Mimi nimesoma darasa la ubatizo tu, lakini herufi ninazo, na jambo la leo lazima liandikwe, Ephrasia asije akalikana.

Ni hivi. Sokoni Muleba karani wa baraza kapanda juu ya sanduku. Katangaza kwamba tarehe mbili Juni Malkia anavishwa taji huko Ulaya, na sisi huku tutacheza. Watoto watakimbia. Vijana watavuta kamba. Halafu wanaume waliokwisha kuoza binti watabeba gunia la kahawa, kutoka bohari mpaka kwenye bendera na kurudi. Gunia zima!

Ephrasia akacheka kabla ya mtu yeyote. Huyu Ephrasia tumezaliwa mwaka mmoja, tumeolewa mwaka mmoja, mimi Mlutheri, yeye Mkatoliki wa upande wa Rubya. Mumewe ni Privatus, mpakia magunia pale pale bohari, mtu ana shingo kama mgomba. Basi akasema, kwa sauti ya kufika mpaka kwa wauza samaki, kwamba pole Ma Alistidia, Gamaliel wako akitwishwa gunia tutamtafuta chini yake kwa jembe. Akaongeza kwamba upepo wa ziwa ukimkuta barabarani atatua Uganda bila kupanda meli.

Mdomo wangu haujawahi kuniomba ruhusa. Nikasema Gamaliel atambeba Privatus, na gunia lake juu. Akasema tuone. Nikasema tuone. Tukapatana mbele ya soko zima: ambaye mumewe atashindwa na mwenzake, atampigia mwenziwe magoti hapa hapa sokoni kila Jumamosi mpaka Krismasi, chini kabisa, kama mke mpya anavyomsalimia mama mkwe. Mawe, mama yangu! Mimi, kumpigia magoti Ephrasia! Mtu niliyemfundisha kusuka mkeka!

Asha muuza maandazi ndiye shahidi.

Nimerudi nyumbani nimemkuta Gamaliel kibanjani, anapunguza majani ya migomba. Nikamtazama kwa nyuma. Nikautazama mgomba. Mgomba ulikuwa mnene.

Si kitu. Mfupa upo. Penye mfupa nyama itakuja.


Jumapili, 12 Aprili

Mungu hamtupi mja wake! Maandazi ya jana Asha alinifungia kwenye karatasi ya gazeti la Kizungu. Leo baada ya kula la mwisho nikaikunjua. Nini? Mwanamume! Kavaa kichupi tu, kifua kama mlango wa kanisa, mikono kama mihogo iliyosahaulika shambani miaka miwili. Nikaifunika kwanza kwa sababu ni Jumapili. Halafu nikaifunua.

Nikaenda mbio kwa Mwalimu Lameki, anajua Kiingereza. Akasoma pole pole. Kasema huyo ni mtu aliyekuwa mwembamba, tena anachekwa, akajenga mwili. Siri yake kaiandika chini. Kwanza, kula: mayai, maziwa, nyama, kila siku bila kukosa. Pili, kupumzika na kulala sana, maana misuli hukua mtu akiwa amelala. Lameki akataka kugeuza karatasi asome upande wa pili. Nikamnyang'anya. Nimeshaelewa!

Kula na kulala! Wazungu wamevuka bahari kuja kutuambia hilo? Sisi Wahaya tunalijua tangu mababu. Si ndivyo tunavyomtengeneza mugole? Bibi harusi anawekwa nyuma ya pazia la lubugo, ile nguo ya gome la mti, mwezi mzima, jua halimwoni, kazi hagusi, anakunywa maziwa, anapakwa samli, mpaka anatoka shingo ina pete tatu. Mimi mwenyewe nilitoka na pete nne. Mama mkwe alilia kwa furaha.

Sasa kama dawa hiyo inamnenepesha msichana, mwanamume je? Hakuna mtu Ihangiro nzima aliyewahi kufikiri hivi. Mimi wa kwanza.

Karatasi nimeibandika ukutani kwa uji wa muhogo. Imeshika vizuri, haitoki hata kwa kisu.


Jumanne, 14 Aprili

Gamaliel kakataa. Kasema yeye ana miaka arobaini na minane na wajukuu wawili, hawezi kukaa ugoleni nyuma ya pazia. Kasema wazee wa kanisa watamtoa kwenye zamu ya kushika kapu la sadaka. Nikamwachia aseme. Huku nakaanga mayai kwa samli.

Akauliza ni mayai mangapi. Nikasema manne. Akauliza ni kila siku. Nikasema kila siku, na maziwa, na kulala.

Akavua viatu akaingia.


Alhamisi, 23 Aprili

Siku ya tisa. Nina haraka, kazi ni nyingi.

Mayai yanatoka kwa bibi Anatolia, jirani wa juu, mwenye kuku. Hataki kitu ila apasuliwe kuni. Kila asubuhi napasua. Juzi nimevunja mpini wa shoka, leo tena. Mipini ya siku hizi!

Maziwa na samli vinatoka kwa Ta Mushumbusi mwenye ng'ombe. Naye hataki kitu ila samadi itolewe zizini ipelekwe migombani kwake, na migomba yake iko juu ya mlima, mtu huyu alifikiri nini alipopanda! Vikapu ishirini jana. Leo thelathini, maana Gamaliel kaanza kumaliza kibuyu kabla ya mchana.

Halafu nyumbani. Gamaliel hagusi kazi, basi jembe langu, panga langu, mikungu ya ndizi naishusha mimi, maji mtoni mimi. Na mvua hizi, mtungi unabeba na tope lake.

Mwenyewe yuko vizuri. Leo kasema kutoka nyuma ya pazia kwamba yai la katikati lilikuwa gumu. Nikafurahi. Mtu akianza kuchagua, mwili umeanza kuitika.

Mayai mimi siyaonji. Kwetu mwanamke hali yai wala kuku, na ukristo wangu bado haujafika huko. Nakula ndizi zangu na maharage, nikiwa nimesimama.


Jumamosi, 2 Mei

Sokoni nimekuwa mtu mkubwa! Habari zimeenea. Nizifiche vipi, nimezieneza mwenyewe.

Ephrasia kanipokea kwa matusi yake ya kunong'ona kwa sauti. Kasema waitu jamani, nasikia Gamaliel kaolewa. Kauliza mahari ilikuwa mbuzi wangapi, na bwana harusi ni nani. Watu wakaanguka kwa kicheko. Nikamwambia cheka, cheka sasa, magoti yako yana wiki nne tu za kukaa bila tope.

Lakini baada ya hapo! Wanaume wenyewe wananifuata kwa chini chini. Ta Buberwa, ambaye naye atabeba gunia siku hiyo, kauliza kama lubisi, hii pombe yetu ya ndizi, inajenga misuli. Nikamjibu lubisi hujenga tumbo, maziwa hujenga kifua, mtu achague anataka kutangulizwa na nini. Akatazama chini akaona tayari katangulizwa. Mwingine kauliza mayai mangapi. Nikasema manne, na la tano Jumapili. Kwa nini manne? Nikamwambia kwa sababu ng'ombe ana miguu minne, na nguvu zake unaziona. Akatikisa kichwa kwa heshima. Sijui maneno haya yananijia kutoka wapi. Ni kipaji.

Mmoja kauliza itachukua muda gani kuonekana. Mtu kamili tumboni ni miezi tisa, nikamwambia, sasa mkono tu utachukua zaidi ya miwili? Mwingine kauliza kama si lazima Gamaliel abebe-bebe vitu kidogo, ajizoeze. Huyo nilimhurumia. Nikamweleza kwamba nguvu ni kama lubisi mtungini. Ukichota kila siku, siku ya sherehe wageni wanakuta mapovu.

Mke wake akanivuta kando akauliza kama baba mwenye nyumba bado analala na mama mwenye nyumba. Nikasema mugole haguswi. Akauliza Gamaliel anasemaje. Hasemi kitu, anakoroma.

Halafu Asha, sijui kafikiria nini, kauliza kama mwanamke naye anaweza kuota misuli. Nilicheka mpaka machozi! Nilikuwa nimebeba mkungu mmoja kichwani na mmoja mkononi, karibu niiangushe yote miwili. Nikamwambia Asha mwanangu, misuli ni jambo la wanaume.


Ijumaa, 8 Mei

Harusi ya mpwa wake Gamaliel ni kesho, na sisi ndio tuliahidi lubisi. Ndizi zimeiva shimoni, mtumbwi wa kukamulia uko tayari, majani nimekata. Nikamwambia Gamaliel atoke akanyage ndizi nusu siku tu, maana kukanyaga ni kazi ya wanaume, mwanamke hakanyagi. Kajibu kwamba mimi mwenyewe nilisema mugole hatoki.

Kweli nilisema.

Basi nimefunga mlango wa kibanda, nimepandisha gauni, nimekanyaga mwenyewe. Ee tata! Mtumbwi mzima! Kwa muda wa saa nne nimeruka humo kama mtu anayeua nyoka. Mapaja yaliwaka moto. Nikimaliza raundi moja nasikia Gamaliel kutoka ndani ananiuliza maziwa yako wapi.

Wageni watakapoonja nitasema ni miguu ya Gamaliel.


Jumapili, 10 Mei

Wamesema haijawahi kunyweka lubisi kama ile. Mzee mmoja kasema Gamaliel kumbe miguu anayo! Nikainama kwa adabu. Moyoni nilikuwa napaa.


Jumapili, 17 Mei

Aibu kanisani, lakini si yangu, ni ya fundi. Tulipokuwa tunaimba nikanyanyua mkono kuwafukuza nyuki waliokuwa wanazunguka mishumaa. Gauni likapasuka bega, praa! Mwinjilisti akasimama kusoma. Nikanyanyua mkono wa pili nijifunike, likapasuka na huko.

Gauni hili nimelivaa miaka sita. Nimeenda kwa fundi nikamgombeza mpaka akaomba msamaha. Uzi wa siku hizi! Bangili ya marehemu mama nayo haivuki kiwiko tena. Nadhani shaba imesinyaa kwa baridi ya mvua.

Gamaliel sasa anang'aa. Nimempima kifua kwa kamba ya mgomba: kaongezeka vidole vitatu! Tumbo kaongezeka vidole saba, lakini tumbo ndipo nguvu zinapokaa zikisubiri zamu. Shingoni ana pete mbili. Mashavu, ukiyagusa yanarudi pole pole. Leo kaniomba kioo.


Jumatano, 27 Mei

Asha kaniletea habari za adui. Kasema Privatus hali chochote cha ajabu, ndizi, maharage, dagaa. Mayai hana. Samli hana. Halafu kutwa nzima anabeba magunia bohari, maana mavuno ya kahawa yameanza, asubuhi mpaka jioni, hapumziki!

Nimemwonea huruma, kweli. Anajimaliza! Siku ya Malkia atafika pale mtungi mtupu.

Nimekwenda kwa Anatolia na kicheko changu. Ng'ombe wa Ta Mushumbusi alikuwa amelala njiani hataki kunyanyuka, wanaume wawili wanamsukuma. Nilikuwa na haraka ya mayai. Nikamshika mkia na paja, nikamnyanyua, nikapita. Wale wanaume wakanikodolea macho. Sijui wana nini, watu wa siku hizi hawasalimii.

Nilimwuliza Gamaliel kama anajisikia nguvu. Kasema anazisikia, ziko ndani, ila hataki kuzisumbua.


Jumatatu, 1 Juni

Kesho!

Gauni limeshonwa upya. Mwavuli nimeazima kwa mwinjilisti, maana Gamaliel hajaona jua wiki saba, lisije likamkausha. Nimefanya mpango wa mwisho ambao hata yule mtu wa gazeti hakuufikiria. Asubuhi nitampaka samli kibuyu kizima, kuanzia shingo mpaka visigino, ili misuli iteleze vizuri chini ya ngozi. Privatus akimwona tu atakimbilia Rubya.

Nimejizoeza jinsi nitakavyosimama Ephrasia akinipigia magoti. Sitacheka. Nitamwambia inuka mwanangu, pole pole, kama mama mkwe mzuri.


Jumanne, 2 Juni

Naandika usiku huu huu, nisije nikasahau hata moja.

Watu! Nchi yote ya Ihangiro ilikuwa pale. Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, na mkewe wamekaa kwenye viti chini ya turubai. Bendera inapepea. Nikaingia na Gamaliel chini ya mwavuli, anang'aa kama sufuria mpya, macho kayafumba kwa sababu ya mwanga. Watu wakanyamaza. Nilijua ni heshima. Halafu mwanamke mmoja akaanza kuimba wimbo wa kumtoa bibi harusi, na uwanja wote ukaitikia.

Waliobeba walikuwa sita. Privatus kasimama na shati lake lile lile la kazi. Ephrasia kasimama na kanga mpya, tayari kashanichagulia mahali pa kupigia magoti, panapo tope.

Wakatwishwa. Filimbi! Privatus kaondoka kama mtu anakwenda kazini. Gamaliel wangu kapiga hatua moja. Uwanja ukashangilia. Kapiga hatua ya pili. Ya tatu, jua limeshaiyeyusha samli, gunia likaanza kuteleza. Likateleza begani, likateleza mgongoni, Gamaliel anajipinda kulifuata, likamzunguka likaja mbele, akaketi chini, gunia likakaa mapajani kama mjukuu. Akalikumbatia. Akanitazama. Kasema Ma Alistidia, nirudishe nyumbani.

Kicheko kile! Hata mke wa Bwana Shauri kajifunika kitambaa. Karani kaja kuuliza kama mgonjwa huyu aliletwa na nani.

Damu ikanipanda. Mume wangu aitwe mgonjwa! Nikajua mara moja kosa ni la gunia, wamempa lililonyeshewa, kahawa imekunywa maji, tena limeshonwa vibaya. Nikaingia uwanjani kuwaonyesha. Nikalishika masikio mawili, nikalitoa mapajani kwake, nikalitupa mabegani ili nilipime. Nikaanza kuwaeleza watu wa kulia. Wa kushoto hawasikii, nikaenda kuwaeleza wa kushoto. Wa kule mbele nao lazima wajue, nikaenda mpaka kwenye bendera, nawaambia tazameni jamani gunia hili, tazameni, ndivyo mnavyomfanyia mtu wa watu! Ta Buberwa nilimpita kakaa juu ya gunia lake anapumua. Nikazunguka bendera, nikakumbuka kwamba mwenye bohari ndiye wa kulaumiwa, nikarudi mbio kumtafuta. Njiani kulikuwa na mtu ananizuia mbele, anatembea taratibu, nikampita. Nimefika bohari nimelitua mezani mbele ya karani nikasema pima!

Kapima. Lilikuwa sawa na mengine. Njiani lilikuwa limeshakauka kwa joto, naona.

Nikawauliza mbona mnanitazama. Ndipo nikageuka nikamwona yule niliyempita anafika. Privatus.

Uwanja ukalipuka! Wamenizunguka, wameninyanyua, wameninyanyua kwa shida lakini wameninyanyua. Bwana Shauri kasimama kapiga makofi. Asha alikuwa analia na sinia la maandazi kichwani.

Ila karani kafungua karatasi yake. Kasema mashindano ni ya wanaume waliokwisha kuoza binti. Binti nimeoza, lakini mwanamume sijawa. Basi mshindi ni Privatus. Kapewa blanketi jekundu, kalishika kama mtu aliyekutwa nalo. Na Gamaliel kashindwa, imeandikwa.

Mwalimu Lameki kaniandama mpaka nyumbani. Kasema mama, ungeniacha nigeuze ile karatasi. Upande wa pili, kasema, aliwahi kuuona kwa jicho kabla sijamnyang'anya, paliandikwa neno la tatu, na kubwa kuliko yote: kubeba vitu vizito kila siku, na kila siku kuongeza kidogo. Kuni, samadi, mikungu, maji. Kasema aliyefanya hayo wiki saba ni wewe, siyo Gamaliel. Kasema misuli haiji kwa yule anayelishwa, inakuja kwa yule anayebeba.

Mwalimu mzuri, ana maneno mazuri. Lakini hajaoa, anajua nini. Nimemjibu wazi. Nguvu zile ni za Gamaliel. Alikuwa amejaa, zikafurika, na mimi ndiye niliye karibu. Kibuyu kikijaa si maziwa yanamwagikia anayekishika? Lameki kaomba maji ya kunywa.


Jumamosi, 6 Juni

Leo ndiyo Jumamosi ya kwanza ya magoti.

Jirani zangu walinishauri niumwe. Mimi niumwe! Neno nililisema mwenyewe, na mdomo ni wangu. Nimevaa gauni la kanisa. Nimejitwika mkungu mkubwa kuliko yote niliyokuwa nao, sikutaka kwenda sokoni bure. Soko limejaa, hata watu wa mbali kule Kimwani wamekuja kutazama, mtu katembea kutwa nzima kuniona mimi.

Ephrasia kasimama pale pale penye tope. Nikasogea. Nikashuka, goti moja, goti la pili, mgongo umenyooka, mkungu kichwani hata haujayumba, mikono nimeifumbata kifuani kama inavyotakiwa. Nikamsalimia kwa ukamilifu wote, na habari za wazazi, na za mifugo, na za marehemu. Nikamaliza. Nikanyanyuka moja kwa moja, bila kushika kitu.

Wee! Vigelegele! Bibi kizee mmoja kasema hajaona magoti ya namna hiyo tangu enzi za babu yake mfalme wetu. Wakaniomba nirudie. Nikarudia.

Nilipotazama, Ephrasia uso wake ulikuwa kama wa aliyemeza kahawa mbichi. Yeye ndiye aliyepigiwa magoti na hakuna aliyekuwa anamtazama. Akaniomba pembeni. Mimi nimesimama wima na mkungu, yeye ndiye aliyeinama kuninong'oneza! Kasema Privatus hali tangu Jumanne. Bohari wanamwuliza kila gunia likiwa zito kama wamwite Ma Alistidia. Blanketi halitaki kuliona. Kasema dada, kaniita dada, msaidie mume wangu.

Moyo wangu si jiwe. Nikamwambia amlete, aje na mto wake.

Kasema basi yale magoti tuyasamehe. Nikakataa kabisa! Mpaka Krismasi tulisema, mpaka Krismasi nitapiga. Watu wa Kimwani wameshaniahidi kurudi.


Jumatatu, 8 Juni

Privatus kaingia leo. Nyuma ya pazia sasa wako wawili, Gamaliel upande wa dirisha kwa sababu ni mwenyeji. Privatus mwanzo alikaa kitako kwa aibu, miguu nje. Gamaliel kamwambia tulia bwana, ngoja yai la kwanza. Baada ya yai la pili miguu ilikuwa ndani. Mchana walikuwa wanabishana kama samli ipakwe kabla ya usingizi au baada.

Nimeshaona kosa langu, na nimelirekebisha. Safari iliyopita Gamaliel alijaa, hapakuwa na chombo cha pili, nguvu zikanimwagikia mimi bure. Sasa zikifurika zitamwangukia Privatus, na za Privatus zitamwangukia Gamaliel. Hazipotei tena! Kwa nini sikuliona hili Aprili? Lameki nilipomweleza kashika ukuta, akaanza kuukwangua pale penye karatasi kwa ukucha. Haitoki, nilimwambia.

Mayai sasa ni manane, basi kuni za Anatolia ni mara mbili. Ta Mushumbusi kafurahi, kafungua shamba jipya juu zaidi ya lile la kwanza. Na kwa kuwa Privatus haruhusiwi kuchota nguvu zake, kazi yake ya bohari nimeichukua mimi mpaka atoke. Nimeanza leo. Magunia arobaini. Kesho wamesema hamsini.

Watu wanauliza huo mwili wa wale wawili utaonekana lini. Nimewaambia wavumilie, miezi miwili tu. Watatoka humo simba!

Nimepita kwa fundi jioni, gauni limepasuka tena, safari hii mgongoni. Nimemwambia kwa upole, maana sitaki ugomvi na mtu: baba, tafuta uzi mwingine.